Jani la Isale kwa Ajili ya Mkataba

Hivi, umewahi kuona mtu akiomba msamaha kwa sababu ya mkataba wa biashara kati ya nchi na nchi? Kwenye Hiace ya kutoka mji wa Mkuu, mbele yangu, Eliakim wa kituo cha televisheni alimkabidhi Mama Ndelilio, mwimbishaji wa ngoma, jani la isale. Kwetu, anayeomba msamaha kwa jani hilo hakataliwi.

"Shikamoo mama. Kipindi chenu kimeondolewa. Soko limefunguliwa, tamthilia za nje zinaingia kama mitumba."

"Na sisi?"

"Wakubwa wanasema mkataba haubagui bidhaa."

"Kumbe mimi bidhaa, baba!"

Abiria tukacheka. Mama Ndelilio alisokota ncha ya khanga.

"Umenisamehe, mama?"

Gari likasimama stendi.

"Nimekusamehe. Ila mama yangu hainuki kitandani. Nilitaka anione nikiimba kwenye televisheni, angali hai."