Sista Regina na Magauni ya Wodi ya Wanawake

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Muuguzi Regina Kassiani anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, mingi kati yake katika wodi ya wanawake ya afya ya akili hapa Mpanda. Alianzia zahanati ya Ikola, kando ya Ziwa Tanganyika, na mpaka leo hajawahi kusifia dagaa wanaouzwa mjini.

Sisi wafanyakazi wenzake tunamwita Sista. Wagonjwa wanamwita Fundi, na hapo ndipo penye habari.

Dawa za akili huwatuliza kina mama, ila baadhi huwafungulia njaa na kuwaongezea mwili. Ndugu wakija, wanashangilia: kwetu huku, kunenepa ni ushahidi kwamba umetunzwa. Odeta wa Kabungu, aliyeturuhusu tumtaje, alitembelewa na mama yake aliyebeba hotipoti la ugali na samaki wa migebuka. Mama akapaza sauti wodi nzima isikie: jamani, mwanangu ameota mashavu! Odeta akajifunika shuka. Gauni lake la kwaya lilikuwa limegoma kufunga, na alishaapa kwamba dawa hamezi tena. Tulijua akiziacha, zile sauti alizokuwa akizisikia kichwani zitamrudia.

Tukampa nasaha, na nasaha zetu mnazijua. Sista akaleta mkasi. Akafumua gauni ubavuni, akamwachia Odeta achague kitenge cha kuongezea. Kisha akamwomba daktari aziangalie upya dawa, na mama akabembelezwa apunguze ugali, azidishe mchicha.

Asubuhi yakaanza matembezi ya kuzunguka bustani kwa nyimbo za kwaya. Mimi niliteuliwa kuongoza kwa sababu ya kitambi changu, ili kina mama wapate mtu wa kumpita. Walinipita, wengine wakiimba.

Odeta hakurudia wembamba wake, ila kwaya alirudia, na dawa anameza. Leo anashona nguo mtaa wa Shanwe, kwa kanuni ambayo Sista alimfunza yeye na wenzake wodini: kila gauni liachiwe akiba ya kitambaa ndani ya mshono, maana mwili una safari zake.

Gauni atakalovaa Sista siku ya kuagwa kalishona Odeta. Nimelichungulia: akiba yake inatosha gauni la pili! Odeta kajitetea kwamba mstaafu hana zamu, atakula kwa nafasi.

Asante sana, Sista Regina, kwa mkono wako na moyo wako. Nenda kapumzike, ule ushibe, ucheke. Ukinenepa usihofu, mafundi uliowafunza wapo.