Mukubwa, Mulingoti na Listi Nyeusi

Bamama na bapapa ba kikundi chetu cha akiba, prezida ameniomba niseme kwa kifupi. Nitajaribu, lakini munanijua.

Mimi nilikuwa nasemaka, tena kwa sauti kubwa, kwamba hakuna kitu hapa duniani kinaweza kunishangaza. Nimechimba zahabu kule Misisi, shimo likaanguka nyuma yangu, mi nikatoka na beleshi mukononi na kofia kichwani. Nimesukuma pikipiki kutoka Lulimba, siku mbili, matope mpaka kiunoni. Na ule mulingoti wa antene munaona nyuma ya soko, niliusimamisha mwenyewe na kamba na muntu moja wa kuchomea vyuma. Leo, hapa Baraka, ukitaka interneti ya biro, ya kazi za ofisi, ukitaka imele yenye jina la kazi yako, unakuja kwangu. Bakliya, bale bananilipa, kumi na saba! Santé, masomo, parokia, bauza samaki, bauza sukari. Na mimi masomo yangu ni mwaka wa tatu wa primeri. Nusu yake. Mucheke, mucheke tu, si munalipa interneti?

Yote ilianza na ordinateri moja, kompyuta ya meza. Niliinunua na zahabu ya mwisho niliyotoa Misisi. Nikaketi nayo ku barabara, naweka miziki na filme mu flashi za bachimbaji. Hiyo mashini ilinilisha, ikanijengea nyumba, ikaleta antene ya kwanza. Niliipa jina Mukubwa, kama vile bibi mukubwa, muke wa kwanza. Mama batoto wangu, yule anaketi pale na kitambaa cha kijani, anajua ile jina na alinisamehe zamani. Hata nilipokuwa patron wa rezo, wa mutandao huu wote, Mukubwa ilibaki mu butiki yangu. Kila yenga, ile Jumapili, nyuma ya misa, bachimbaji banashuka na flashi zao, butiki inajaa kelele, mi nafurahi.

Sasa munisikilize.

Siku moja muuguzi wa santé, pale banatunza bagonjwa, akakuja ku biro yangu. Huyu mama, kila Ijumaa, anatuma imele ku depo ya dawa kule Uvira. Anaomba dawa za malaria za batoto.

«Papa Antene,» akasema, «barua yangu inarudi.»

«Andika tena.»

«Nimeandika mara tatu. Depo haijibu, na dawa inabaki kidogo.»

«Basi ni depo haina rezo. Rezo yangu mi haina ugonjwa.»

Akanitazama vile anatazamaka muntu mwenye anakataa sindano, akaenda.

Kesho yake, imele ya mudirekta wa masomo ikarudi. Kesho kutwa, ya parokia. Nikapigia simu ndugu moja wa Bukavu mwenye ananiuzia vifaa. Akacheka, kisha akanieleza namna hii. Bakliya wangu wote banatokea ku interneti na adrese moja, ya kwangu. Ni kama lupango, kiwanja cha ukuta moja, yenye nyumba kumi na saba na mulango moja ku barabara: mwizi akitoka mu nyumba moja, bantu banaandika namba ya lupango yote. Inje huko kuko bantu banaoshika listi nyeusi. Kama adrese yako inatupa barua za uongo kwa maelfu, za kuuza dawa za uongo na kudanganya bazee, wanaiandika humo. Na kila depo, kila banki, kila biro kubwa inatazama ile listi mbele ya kufungua mulango. «We uko ndani, kaka,» akasema.

Mimi? Ndani ya listi ya bezi?

Nilifanya kitu kile kila mukubwa wa hapa angefanya: nikaandika barua ya heshima. Barua ya kweli, na anteti, jina la kazi yangu juu, na stempu yangu nyekundu. Nikaenda kwa chefu wa kartiye, mukubwa wa mutaa wetu, akaongeza stempu yake. Nikaandika kazi zangu zote, kuanzia Misisi. Na chini kabisa nikaandika kwamba mukubwa wa listi akipita siku moja hapa kwetu, mbuzi iko inamungoja. Nikapiga barua picha, nikaituma kwa imele.

Ikarudi. Bamama, niliituma na ile adrese yenyewe yenye imefungiwa! (Ndiyo, prezida, cheka. Mi pia nimecheka sasa. Wakati ule sikucheka.)

Kisha nikaona ku ile paji, ule ukurasa wa listi ku interneti, kuko kifungo cha kuomba kutoka. Bure, bila mbuzi. Chini yake kuko maandishi mingi ya Kifaransa. Nikabonyeza kifungo. Kesho yake tulikuwa inje, imele zinapita, nikatangaza soko lote kwamba nimemaliza mambo. Siku ya tatu tukarudi ndani. Nikabonyeza tena. Inje, ndani. Mara ya tatu, kifungo kikakataa: ngoja.

Na sasa bakliya bakaanza kusema kuko muntu moja Uvira mwenye anaweza kuleta antene yake hapa. Mudirekta wa masomo akanipa mpaka mwisho wa mwezi. Parokia nayo vile vile. Ile mulingoti yangu niliitazama asubuhi moja, nikaona chuma tupu chenye kunguru juu.

Basi nikaanza kutafuta mwenye kosa. Nilienda kwa muuza sukari, mbele ya bantu bake, nikamwambia ordinateri yake imeoza. Akasema, «Yangu? Inaandika sukari na mafuta tu, hata picha haina!» Nikaenda kwa huyu, nikaenda kwa yule, nyumba kwa nyumba, na sauti yangu munaijua. Mwisho nikafika santé, nikakuta muuguzi ameweka flashi mu ordinateri. Ilikuwa na karatasi za chanjo. Mi sikuuliza. Nikasema, «Kumbe ni we!» Nikapanda juu ya nyumba, nikakata kamba ya interneti ya santé.

Ndugu zangu, hapo njo nilianguka. Listi ilikuwa matatizo tu. Kuanguka ni pale nilikata ile kamba.

Nyuma ya siku mbili, mama batoto akaweka sahani ya sombe mbele yangu, hakuketi.

«Muuguzi amepanda kamiyo ya Uvira,» akasema. «Na karatasi ya dawa mu kikapo. Atalala njiani.»

Mi nikashika kijiko.

«Yule mama alipokea batoto wetu wote ine na mikono yake. Na we unamufanya mwizi. Listi ilisema ni yeye?»

«Listi inasema mambo mingi.»

«Ulisoma?»

«Nilisoma.»

Akatoa sahani. Sombe yenyewe sikuwa nimeigusa.

Hapa ndani yangu kuko kitu sijawahi kumwambia muntu, na leo nasema: sikuwa nimesoma. Kifaransa cha namba na bei najua. Maandishi marefu, naangalia herufi kubwa ya juu, nakamata maneno mbili, ingine naweka mwenyewe. Miaka yote hii! Mikataba, barua, yote. Natikisa kichwa, nasema «voila», bantu banaamini.

Nikaenda kwa mwalimu wangu. Yeye njo alinifundisha kule Lubondja, ile nusu ya mwaka wa tatu. Sasa ni muzee wa pansheni, ana sekretaria yake karibu na soko, anaandikia bantu barua, na ni kliya wangu. Hata yeye nilikuwa nimemulalamikia ile wiki. Akanikuta ku mulango.

«Aa, polisi imerudi,» akasema. «Leo unakuja kufunga nini?»

«Mwalimu, nakuomba unisomee kitu.»

Akavaa miwani. Akatazama ile paji, kisha akasukuma ordinateri mbele yangu.

«Soma we. Kwa sauti.»

Mi, baba wa batoto ine, na nywele nyeupe hapa! Nikasoma ya juu. Nikasoma nusu ya mustari wa pili. Nikakwama. Jasho. Yeye akaweka kidole chake chini ya neno, vile vile alifanyaka zamani, akangoja. Hakunisaidia mbio. Tukaenda neno kwa neno, na pale lilikuwa gumu akaligeuza mu Swahili. Paji ilisema: usiombe kutoka kama haujatafuta kwanza mashini yenye ugonjwa. Ilisema vile mara zote tatu. Na chini iliandika siku na saa zile barua za uongo zilitoka kwangu.

«Siku gani?» akauliza.

«Yenga.»

«Na ingine?»

«Yenga. Saa nane. Yenga tena. Saa tisa.»

«Santé inafungua biro siku ya yenga?»

«Hapana. Inafunga umeme.»

«Masomo? Parokia? Muuza sukari?»

«Beko wote mu ibada, ao nyumbani.»

Akatoa miwani. «Mutoto wangu, siku ya yenga nani anafungua mashini hapa Baraka?»

Nilikuwa nasikia ile kelele ya bachimbaji, flashi mia moja zinaingia mu Mukubwa, kila moja na ugonjwa wake wa Misisi.

Mukubwa. Ile sikuichunguza hata mara moja. Unachunguza namna gani mashini yenye ilikujengea nyumba?

Niliifuta mwenyewe. Ndugu wa Bukavu ananiongoza ku simu, mi nabonyeza. Miziki ya miaka kumi na mbili ikaenda yote, mpaka kwaya za Lulimba zenye hakuna muntu mwingine alizibakisha. Nililia, si mavumbi mu macho. Kisha nikafunga ule mulango wa rezo wenye virusi vinatumia kutupa barua, kitu nilipaswa kufanya siku ya kwanza. Mwalimu akaandika pamoja na mi maelezo mafupi: kosa lilikuwa ku mashini yangu, nimelitengeneza. Bila stempu. Siku mbili, tukatoka. Mpaka leo hatujarudi.

Lakini kwa bakliya je? Mama batoto akasema, «Unaenda kuomba samahani na mikono tupu?» Nikabeba sukari, kilo moja kwa kila nyumba, mbili kwa muuguzi. Yeye alikuwa amerudi na dawa, miguu imevimba. Nikamwambia kila kitu, hata ile ya kusoma. Akapima sukari mukononi, akasema, «Papa Antene, sindano ilikuuma?» Nikasema, «Iliuma sana.» Akacheka mpaka akaketi. Kamba yake nilifunga siku ileile, na yenga yenye ilifuata akaniletea flashi: bakwaya ba Lulimba bameimba upya. (Flashi ilichunguzwa kwanza. Mara mbili!)

Asante kwa muuguzi. Asante kwa mwalimu, kila Alhamisi sasa napita kwake na kitabu, tuko mwaka wa tatu, nusu ya pili. Asante kwa bibi yangu wa kitambaa cha kijani, ambaye sasa njo mukubwa peke yake. Na kwenu naacha hii: ukitafuta mwenye kosa, anzia mu nyumba yako, na mu ile kitu unapenda sana. Na kama huwezi kusoma barua, sema. Mi nilinyamaza, na muuguzi akalala njiani.

Munataka kujua nililipa ngapi? Listi haikuomba kitu, na mbuzi wangu angali anakula majani. Ni sukari tu, kilo kumi na nane, na niliinunua kwa yule yule muuza sukari niliyemutukana.

«Na kilo yangu pia unainunua kwangu?» akauliza.

«Ndiyo, kaka.»

«Basi lipa zote.»

Hakupunguza hata kidogo. Elfu tatu na mia tano kila kilo: franka elfu makumi sita na tatu.