Bi Rudia, Mpimaji wa Mishipa ya Moyo

Ndugu, majirani na marafiki, dada yetu, ambaye wengi mlimwita Bi Rudia kwa kupenda kurudia vipimo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa pili wa fundi saa na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akawa mtoto wa kuota mchana kweupe, chai ikimpoea mkononi.

Alimaliza sekondari mwaka 1989, akasomea picha za tiba, na mwaka 1998 akaajiriwa hospitalini, ambako madaktari hupitisha ndani ya mishipa ya moyo waya mwembamba unaopiga picha, naye akipima upana wa njia ya damu. Alisema kila picha ni kama kitunguu kilichokatwa, na akiitazama sana hujiona anatembea humo ndani, taratibu, kuta zikipumua. Kila picha ilipimwa na watu wawili, kila mmoja kivyake, kisha ikarudiwa siku nyingine, na ilipoletwa kompyuta inayomaliza kazi ya asubuhi nzima kwa dakika chache, aliipokea kwa mikono miwili, ila nayo akaipa picha ileile mara mbili, aone kama haigeuki kauli.

Tarehe 6 Juni 2003 aliolewa na mpimaji mwenzake wa meza ya pili, wakajaliwa binti mmoja.

Mwaka 2016 kifua kilianza kumbana, na kwa kuwa wenzake walikuwa likizo, picha zake alizipima mumewe, ambaye kwa mapenzi, bila kujijua, aliusoma mshipa kuwa mpana kuliko ulivyo, ikaonekana dawa zitatosha. Dada aliziomba azione, akamwambia kwa upole, "Mume wangu, hapa umepima unavyotaka uwe. Tafuta wengine wawili, hata wa hospitali nyingine, uwafunikie jina." Wote wawili waliukuta umeziba karibu wote, akapasuliwa kesho yake, tukapewa miaka tisa zaidi, na binti akalelewa na mama yake.

Mwezi uliopita moyo ulilemewa tena, daktari akasema upasuaji utategemea vipimo, na wawili wakapima, jina likiwa limefunikwa, huku shemeji, aliyefurahia maisha yake yote vipimo vikilingana, amekaa koridoni akiomba safari hii vipishane, walau pabaki pa kutumaini. Vililingana: mishipa ilikuwa imeharibika mno, haikupasulika tena. Dada alituaga tarehe 2 Septemba 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea viti na kukesha nasi, na wafanyakazi wenzake, hasa ninyi wawili mliopima mara ya mwisho, ambao tangu juzi mnamkwepa shemeji machoni: ameomba isemwe hapa, mbele ya watu wote, kwamba mlipima sawasawa, wala hana kinyongo nanyi.

Upumzike salama, dada yetu.