Shimo Lililovuka Mpaka

Benchi letu liko Busia upande wa Uganda, nyuma kidogo ya foleni ya malori, ndani ya kiwanja kilichobaki wazi tangu nyumba ya wageni ya zamani ibomolewe. Mimi ni Badiru, nauza kahawa ya tangawizi. Benchi nililikuta hapa hapa, juu ya kipande cha simiti ambacho hata mvua ikinyesha kutwa nzima hakishiki tope. Pembeni umejiotea mmea wa maboga ambao sijawahi kuumwagia hata kikombe cha maji, na unazaa maboga ya kubebwa na watu wawili. Kila asubuhi wanakuja mafundi watatu ambao kazi hawana lakini maoni wanayo. Owor wa Mulanda ni mjenzi, tunamwita Timazi kwa sababu kwake hakuna kitu kilichonyooka duniani isipokuwa ukuta alioujenga yeye. Wandera anatoka upande wa Kenya, ni fundi wa mabomba, tunamwita Ng'ambo. Osire ni mfunga vyuma, tunamwita Tani, na akiketi sisi wengine tunashikilia vikombe. Wote watatu wanajua kila kitu, na ndiyo maana nazeeka mapema.

Siku hiyo alitujia mwenye kiwanja, Hajati Zubaida, amefunga mtandio kwa nguvu kama mtu anayekwenda kugombana.

— Asalamu aleikum, Badiru. Mafundi wako wameamka?

— Wa aleikum salamu, Hajati. Wamekaa. Kuamka sijui.

Akawageukia.

— Nyinyi ndio mlijenga ile nyumba ya wageni, si kweli?

Timazi akajinyoosha kama anapigwa picha.

— Ni sisi, Hajati. Ile ukuta hata wale wa kubomoa walisikia huruma.

— Vizuri. Basi nionyesheni shimo la choo liko wapi.

Timazi akaanza kukoroga kahawa, na kahawa yangu haina sukari.

— Wachimbaji wangu wamekaa pale na majembe yao, alisema Hajati. Hawagusi msingi mpaka waonyeshwe shimo la zamani. Mwenzao alizama katika shimo kama hilo mpaka kwapani, wakamtoa kwa kamba. Adhuhuri ikifika hawajaonyeshwa, wanakwenda Masafu, kuna kazi inawangoja. Na mawe yangu yako njiani kutoka Tororo. Binti yangu Munirah amesomea dawa, nataka kumjengea duka lake hapa, maana kila siku anauza dawa kwenye duka la mtu mwingine. Nimechoka kungoja.

Nilimwonea huruma.

— Mkinionyesha, benchi lenu litabaki hapo hapo lilipo, hata nikimaliza kujenga. Mkishindwa, benchi liondoke, na nyinyi pamoja nalo. Na wewe Badiru.

Akaenda kuwabembeleza wachimbaji. Sasa jambo likawa langu pia, maana bila benchi mimi ni mtu tu anayetembea na birika.

— Haya, niliwaambia. Liko wapi?

— Hiyo ilikuwa kitu ya Kapteni, alisema Timazi. Mungu amulaze.

Kapteni alikuwa msimamizi wao wa ujenzi. Ramani hakuwahi kuishika mkononi, nyumba nzima ilikuwa kichwani mwake, na kichwa hicho tulikizika miaka iliyopita.

— Mimi napandisha ukuta zote nne, aliendelea Timazi. Kufika kwa shimo, Kapteni anasema, Owor, wewe nenda kwa chai. Narudi, nakuta wamefunika, wamemwaga udongo juu.

— Hata mimi, buda, alisema Ng'ambo. Nililaza bomba kutoka bafu, nikasonga, nikasonga, akaniambia wachia hapo, enda chai.

— Mimi nasuka chuma ya kifuniko, alisema Tani. Nasuka kwa kivuli, wanabeba na toroli. Nauliza inakwenda wapi. Ananiambia Osire, chai iko inapoa.

— Kwa nini aliwafukuza?

Timazi akanitazama kama mtoto.

— Sasa akionyesha watu, siku shimo inajaa nani atamwita yeye? Fundi lazima unabaki na kitu yako kwa tumbo. Hata mimi, mchanga yangu nachanganya namna gani, sijaambia mtu.

— Na ukifa?

— Watanikumbuka.

Nikamwongezea kahawa ili asiendelee. Lakini alikuwa ameshapanda.

— Sikiza, Badiru. Unasimama kwa mlango ya kinyozi, unaangalia pahali Awor anakaanga muhogo. Shimo iko katikati. Mimi niliona kwa macho yangu wanachimba.

— Kinyozi alihamia stendi. Awor alirudi kwao Kiyeyi, siku hizi analima karanga.

— Hiyo si makosa yangu. Mimi nasema ya pahali walikuwa.

Ng'ambo akatoa simu.

— Wacheni story za kinyozi. Kitu kama hii inatakikana satelaiti.

Akapekua ramani ya simu, akaikuza, uso ukang'aa.

— Nimeipata. Cheki. Nyumba bado iko.

Kweli, kwenye simu paa la nyumba ya wageni lilikuwa bado linang'aa, na nguo za watu zimeanikwa.

— Inua bati tuone chini, alisema Tani.

Ng'ambo akairudisha simu mfukoni. Mtu akishindwa na simu hurudi kwenye akili zake, na za Ng'ambo huwa mbaya zaidi.

— Sawa. Mimi najua bomba nililaza ikiangalia wapi. Ilikuwa inaangalia kwetu, Kenya. Maji huteremka, na mteremko uko kwetu. Kila mvua ikinyesha, shimo inasonga kidogo. Miaka zote hizi, manze, hiyo shimo ilishavuka kitambo.

— Inavuka na karatasi gani? aliuliza Timazi.

— Ilipitia njia ya panya, kama vitu zingine zote.

— Basi Hajati afuate kule, aombe warudishe?

— Kule wataitoza ushuru.

Nilitazama upande wa wachimbaji. Mmoja alikuwa ameshasimama, anafunga majembe kwa kamba. Nikawaambia wanangu wa kahawa waniheshimu kidogo, mkate wangu uko hatarini. Tani akaweka kikombe chini, na Tani akiweka kikombe chini ujue ana neno.

— Mimi nawaambia ukweli. Shimo haikuwako.

— Na kifuniko ulisuka cha nini?

— Ya kuonyesha wakaguzi. Kapteni alikuwa mjanja. Shimo ni gharama.

— Wageni walikuwa wanakwenda wapi, Tani?

— Mgeni analala usiku moja tu. Alfajiri anapanda gari, anajibana mpaka Tororo. Ndiyo maana pale chakula walikuwa wanapakua kidogo hivi.

Akacheka kwa maneno yake mwenyewe, akapiga mguu chini. Simiti ikavuma chini yetu mpaka birika likatikisika. Sisi tukadhani ni foleni imesonga. Harufu ikapanda kidogo, na kama kila siku tukamlaumu Ng'ambo na gambuti zake.

Hapo ndipo lori la mawe lilipoingia. Dereva akateremka, kijana mrefu, akasema anaitwa Otai, anatoka Tororo, na hajawahi kufika kiwanja hiki.

— Wazee, habari ya hapa. Niko na mawe ya mama. Huku kote ni tope, lori itakwama. Mimi naona pahali pakavu ni hapo mnakaa. Mutasogeza benchi, nirudi nyuma, nimwage hapo. Lakini hiyo simiti ni ya nini? Inaweza kubeba lori?

Timazi aliipima simiti kwa macho, pembe hadi pembe. Ng'ambo aliangalia ule mmea wa maboga, taratibu, kuanzia mzizi mpaka boga la mwisho. Tani aliangalia mguu aliopigia chini. Mimi niliangalia simiti, kwa mara ya kwanza tangu nianze kuuza kahawa juu yake.

— Hamjui? aliuliza Otai.

Hajati alikuwa amemwona, akawa anampungia kwa mbali, rudi, rudi. Otai akapanda lori, akawasha.

— Tukisema, watafukua hapa, benchi imekwenda, alinong'ona Tani.

— Tukinyamaza, lori imekwenda, alisema Ng'ambo.

— Hata Kapteni alinyamaza, alisema Timazi, na nilivyomwona, alikuwa anafikiria kweli.

Nilikasirika. Nilimkasirikia Kapteni na chai yake, nikawakasirikia hawa watatu, nikamwona Munirah anauza dawa kwenye duka la mtu mpaka anazeeka. Nikatoka mbio mbele ya lori mikono juu.

— Hajati, mzuie. Shimo ni hili. Tumelikalia.

Otai akazima. Wale watatu wakateremka kwenye simiti mmoja mmoja, kwa vidole vya miguu. Tani tulimwomba awe wa mwisho na asipumue. Mchimbaji mmoja akaja na mtaimbo, akagonga pembeni, na sauti iliyorudi kila mtu aliijua.

— Mimi nilikuwa najua, alisema Timazi. Nilikuwa napima akili yenu.

— Si nilisema haijafika mbali, alisema Ng'ambo.

— Kifuniko ni yangu ile, alisema Tani. Muone chuma ilivyosukwa. Imebeba mimi miaka yote.

Hajati alifuta jasho kwa ncha ya mtandio. Akawaita wachimbaji, akamwita Otai, akampigia simu Munirah aje.

— Leo hakuna mtu anakwenda chai mpaka kila mmoja amekuja kuliona kwa macho yake. Mimi pia nitapaka rangi pembe zote. Sitaki tena kitu kukaa kwa tumbo la mtu.

Kisha akatugeukia sisi.

— Nyinyi nimewaahidi, na mimi si mtu wa kuvunja neno. Msingi utaanzia kule. Benchi libaki hapo hapo. Kaeni mmalize kahawa yenu.

Hakuna aliyesogea. Birika langu lilikuwa katikati ya simiti, linatoa moshi, na vikombe vinne vimejaa.

— Badiru, lete kahawa, alisema Tani kutoka barabarani.

— Lete wewe.

— Mimi? Unataka Hajati achimbe mara mbili?

— Ng'ambo ndiye mwembamba.

— Mimi ni mgeni hapa, alisema Ng'ambo. Nikizama Uganda, nani atanivusha?

Timazi akanivuta pembeni akaniuliza, kwa sauti ndogo, lile boga nililompa mkewe Mildred wiki iliyopita nililichuma wapi. Nikamwambia kahawa inapoa. Na kweli ilipoa, pale pale ilipo, sisi tumesimama juani tunabishana nani mwepesi.