Leo Anafasiri Asiyejua Kiingereza

Mheshimiwa Daktari Haverkamp, Mkurugenzi wa Elimu wa wilaya yetu, Bwana Treviño, Mwalimu Mkuu, unayekisahau Kihispania chako kila uingiapo ofisini na kukikumbuka kila panapochomwa nyama, walimu wenzangu, wazazi mliotoka kwenye mabanda ya vitunguu bila kupata hata nafasi ya kubadilisha viatu, na nyinyi wanafunzi mliofuata keki: habari za mchana.

Nimeambiwa nina dakika kumi. Mtu anafundisha miaka thelathini na moja, siku ya kustaafu anapewa dakika kumi na saa ya ukutani. Nashukuru. Nitasema kwa Kihispania, lugha ya wengi waliomo humu, na Mheshimiwa atafasiriwa kwa Kiingereza na binti huyu aliyesimama kando yangu, Citlali Arredondo wa darasa la nane. Mfasiri wa wilaya hakutokea. Mfasiri wa wilaya hajatokea tangu niajiriwe. Nadhani ni mzimu unaolipwa mshahara. Fasiri, mwanangu, na hilo la mzimu usiliruke.

Kazi yangu hapa shuleni Los Huizaches imekuwa kuwafundisha sarufi ya mwanzo ya Kiingereza watoto ambao nyumbani wanaongea Kihispania. Kwetu mtu husema "inanyesha" na kila mmoja anakimbilia nguo zake kwenye kamba. Kiingereza hakikubali, lazima kwanza atajwe mnyeshaji, hata kama hayupo. Kwetu mtoto ana miaka kumi na miwili. Kwa Kiingereza mtoto mwenyewe ndiye miaka. Na kile kiherufi "s" kinachobandikwa mwisho wa kitenzi akisemwa mtu mmoja ambaye hayupo kwenye mazungumzo! Nimekikimbiza miaka yote hii kama kuku wa sikukuu. Lakini hayo yote yanafundishika. Yaliyonishinda ni vichwa vya wakubwa.

Umecheka, Mheshimiwa. Umecheka mahali penyewe, wala hukuchelewa. Kumbe tafsiri inafika.

Sasa niwaulize: huyu anayemchekesha Mkurugenzi kwa Kiingereza, wilaya imemwandika nani? Imemwandika "anayeanza". Mwaka wa tatu huu anaanza. Hata jengo la posta, tunaloliona likijengwa tangu mwaka juzi, sasa lina paa.

Chanzo ni mtihani wa kuzungumza. Watoto thelathini wanaingizwa chumba kimoja, wanavishwa visikilizio, kila mmoja anaambiwa aongee na kompyuta yake, wote kwa wakati mmoja, kama mnadani. Citlali amelelewa na bibi yake, Doña Obdulia, yule pale mwenye shali ya buluu. Kwa Doña Obdulia mtu haongei mwenzake anapoongea. Binti akakaa, mikono mapajani, akingoja wenzake wamalize. Walipomaliza, mashine ilikuwa imeshajifunga. Ikaandika: hakuna neno. Mwaka uliofuata akangoja tena. Mwaka huu, Machi, nikamwambia, "Wewe piga kelele tu!" Akanijibu, "Mwalimu, nitawavuruga wenzangu." Basi adabu ya mtoto imeandikwa kuwa ujinga, na walioandika ndio wenye shahada.

Hapo usilainishe, Citlali. Nimekuona ukitafuta neno la upole.

Mheshimiwa, unakumbuka Februari? Ulikuja kuwaeleza wazazi kwa nini basi la shule halitafika tena ng'ambo ya mfereji. Mzimu wako haukutokea. Bwana Treviño akaja mbio darasani kwangu, akamtoa binti huyu katikati ya somo la sarufi, akamweka mbele ya wazazi mia mbili. Saa moja na dakika arobaini alisimama. Akafasiri bajeti yako, bima yako, na yale matusi ya mzazi mwenzetu Don Eleuterio, ambayo aliyafasiri kwa heshima kubwa kuliko yalivyostahili. Ulipomaliza ukamshika mkono ukamwambia Kiingereza chake ni cha ajabu. Ulimvika kilemba cha ukoka! Maana Aprili ikaja barua yenye sahihi yako kwamba binti huyohuyo hajui Kiingereza, na akienda shule ya juu ataanzia tena ukurasa wa kwanza.

Barua ilikuwa ya Kiingereza. Nani aliyeisoma pale nyumbani? Mwenyewe. Doña Obdulia alinisimulia.

"Hebu rudia, mjukuu wangu. Wanasema hujui nini?"

"Kiingereza, bibi."

"Na barua wameandika kwa lugha gani?"

"Kiingereza."

"Sasa wewe hapo unasoma nini, mbegu za maboga?"

Chekeni. Mimi siku ile sikucheka. Bibi alinitazama, akaniuliza, "Na wewe mwalimu, miaka mitatu ulikuwa unafanya nini?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Maana mimi pia nilikuwa nikimtumia. Mzazi akija ofisini nami niko darasani, namwita Citlali. Daktari wa macho akija, Citlali. Nikishamaliza shida yangu namrudishia kitabu cha wanaoanza, sura ya kwanza, na mimi najitia hamnazo. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa na kioo. Naona aibu, na naisema mbele ya mtoto mwenyewe. Fasiri na hiyo, mwanangu. Ndiyo, na hiyo.

Fomu ya rufaa ipo. Inataka sahihi tatu. Yangu niliweka siku ileile. Ya Bwana Treviño niliipata baada ya kumfuata hadi kwenye maegesho ya magari. Ya tatu ni yako, Mheshimiwa, na wiki sita sasa tunapigwa danadana: leo uko safarini, kesho uko kikaoni, keshokutwa fomu haionekani. Shule ya juu ya sayansi ya afya inafunga orodha yake leo saa kumi jioni. Ina nafasi moja iliyobaki, na haimpokei anayeanza. Mimi kuanzia kesho ni mwanamke tu mwenye bustani. Hakuna katibu atakayepokea simu yangu. Kibao cha shukrani mlichonichongea nimekiona, ni kizuri, na jina langu mmelikosea. Kaeni nacho. Mimi nataka sahihi. Fomu ndiyo hii.

Naam? Mheshimiwa anasema nini, Citlali?

Anasema kuna utaratibu. Anasema hapa si mahali pake, niilete ofisini Jumatatu. Jumatatu! Mwambie kwamba...

Ngoja. Umeshamjibu? Mimi sijamaliza hata kusema. Na yeye alikuwa bado anaongea, umemkatiza! Umemwambia nini, binti? Ongea kwa sauti, bibi yako asikie.

Amemwambia: "Mheshimiwa, nimefasiri maneno yako tangu darasa la sita. Hili ni langu. Naomba usaini leo."

Jamani, hayo si maneno yangu. Mimi sikumtuma.

Bwana Treviño, mpe kalamu. Hapo chini, Mheshimiwa, kwenye mstari. Na tarehe. Andika na tarehe, maana nawajua.

Asanteni nyote kwa kunisikiliza mimi. Na wewe, Mheshimiwa, asante kwa kumsikiliza yeye.