Mstari wa Tolliver Baines

Nje ya duka la mashine za kufulia la Mtaa wa Chelten, kule Germantown, Philadelphia, lipo benchi la mbao la watu wanne, na kando yake kreti la maziwa lililopinduliwa. Benchi lina sheria zake. Mwaka ambao timu ya mji imepata zamu ya mapema, siku ambayo timu za mpira wa kikapu zinapokezana kuchagua vijana wapya, benchi nalo huchagua kijana wake mmoja mrefu kabla kahawa ya Jaji haijakauka kwenye themosi. Aliyeleta jina hulidhamini. Kijana akiwika, mdhamini hutamba mtaa mzima. Akianguka, mdhamini huhamia kwenye kreti. Pale hana kura, ana mdomo tu, mpaka siku benchi litakapokubali jina jingine kutoka kwake. Rosetta Pinkney, fundi wa kupunguza na kuongeza nguo ndani ya duka lile, waliyemwita Tepu kwa ajili ya tepu ya kupimia isiyomtoka shingoni, alikuwa na misimu mitatu kwenye kreti. Kiti chake cha zamani, kile cha mwisho karibu na ukuta, baba yake ndiye aliyekikalia kabla yake mpaka alipofariki. Wenzake walikuwa wamekijaza magazeti. Leo Rosetta alitaka magazeti yale yaondoke.

— Zamu ya tatu! — alisema Jaji, akimimina kahawa kwenye vikombe vya karatasi. Alikuwa karani wa posta maisha yake yote; ujaji alipewa na benchi kwa kuwa themosi ni yake. — Msimu mzima tumepigwa kama ngoma, lakini wanaopigwa ndio huchagua mapema, angalau tumepata zamu ya tatu. Wawili watachukuliwa, halafu sisi. Tunataka mrefu, jamani. Nani ana jina?

— Dossey! — alidakia Shemasi, hata kikombe hajakipokea. Huyu ni shemasi wa kweli, wa kanisa la Kibaptisti la pale kona, na methali anazimwaga kama maji ya ubatizo, zimlowanishe atakayelowa. — Marquell Dossey, yule kijana wa Alabama. Anaruka yule! Akipaa, unakaanga mayai, unakula, unaosha sufuria, bado yuko hewani.

— Akitua je? — aliuliza Vidole. Vidole ameuza viatu miaka mingi, na hamtazami mtu usoni kabla hajamaliza miguuni. — Mnaangalia anavyoruka tu. Mimi naangalia anavyotua. Anatua kwa ukingo wa nje wa wayo, kama mtu anayekanyaga barafu. Kidole chake cha mwisho hakina maisha marefu.

— Wewe kidole cha mwisho umekionea wapi? — alihoji Shemasi.

— Kwenye picha. Alikuwa amevaa kandambili.

Rosetta alizungusha tepu kwenye kidole cha shahada, akaizungusha tena. Tangu asubuhi, akishona pindo la gauni la mteja, alikuwa akiyapanga maneno yake kichwani, na sindano ilikuwa imemchoma mara mbili. Kahawa yake alikuwa hajaigusa.

— Dossey si mrefu mnavyodhani, — alisema.

— Kreti linaongea! — Vidole alitangaza.

— Liacheni liongee, — alisema Jaji. — Mdomo anao, kura ndiyo hana.

— Wanasema futi sita na inchi kumi na moja. Hiyo ni akiwa na viatu. Akivua, ni sita na tisa na nusu. Mmesahau viatu vilitufanya nini?

Hakuna aliyesahau. Ukutani, mwisho wa benchi, kulikuwa na mistari mitano ya chaki ya fundi nguo, mmoja kwa kila mrefu waliyewahi kumdhamini, kila mstari kwenye kimo cha mwenyewe. Wa nne ulikuwa umepigwa msalaba. Pembeni yake, kwa mwandiko nadhifu wa Rosetta, iliandikwa: BAINES, FUTI SABA. Aliiamini ile saba kwa sababu aliisoma gazetini. Tolliver Baines alipovuliwa viatu akapimwa, alikuwa futi sita na inchi kumi na robo. Halafu mguu ukavunjika, ukapona, ukavunjika tena, na timu ikamwachia aende zake.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, — alisema Shemasi, akitikisa kichwa kwa huzuni.

— Baines hakumkatalia mkuu yeyote, — alisema Rosetta. — Na leo nimekuja na vipimo vya miguu mitupu. Vytenis Skardžius. Mlithuania, miaka kumi na tisa. Futi saba na inchi mbili, bila viatu, bila soksi. Akisimama tu na kunyoosha mkono, anabakiza inchi saba kuigusa ringi. Dossey anabakiza kumi na moja.

Inchi saba ni jambo zito kwenye benchi lile.

— Skar… nani? — aliuliza Shemasi.

— Skardžius.

— Mama yangu! Nitamwombeaje mtu ambaye hata jina lake siwezi kulimaliza?

— Mungu atakusaidia kulimalizia.

Vidole alicheka mpaka kahawa ikamtokea puani. Shemasi hakucheka.

— Tena mgeni huyo, — alisema. — Kuku mgeni hakosi kamba mguuni! Mguuni, mmesikia? Neno la Mungu hilo.

— Hilo halimo kwenye Biblia, Shemasi, — alisema Jaji.

— Basi lilistahili kuwemo.

Jua la jioni lilikuwa bado juu ya paa la duka la preteli, mikate ile ya kusokotwa, lililokuwa ng'ambo. Magari yalipita na bendera za timu zikipepea madirishani, na kila lililopiga honi benchi liliinua vikombe. Ndani, juu ya mashine za kukaushia, televisheni ilikuwa imeshaanza kuonyesha vijana waliovaa suti, wamekaa na mama zao, wanatetemesha magoti chini ya meza. Jaji aliipima themosi kwa kuitikisa. Ilibaki chini ya nusu.

— Sikilizeni niwape elimu, — alisema. — Mrefu hapimwi kwa tepu wala kwa kidole. Mrefu hupimwa kwa mlango wa nyumba aliyokulia. Mlango ukiwa mfupi, mtoto anajifunza kuinama. Akijifunza kuinama, magoti yanakuwa laini. Magoti yakiwa laini, nani atamsukuma chini ya kikapu? Warefu wote wabovu tuliowahi kupata walikulia kwenye nyumba za milango mirefu. Nimefanya uchunguzi.

— Umeuchunguza wapi? — aliuliza Vidole.

— Nimepeleka barua nyumba ngapi mimi? Milango yote naijua.

— Ulikuwa karani! Hujawahi kupeleka barua hata moja!

— Waliopeleka walinisimulia.

Rosetta alijua kwamba nadharia ile ni upuuzi. Alijua pia kwamba Jaji ana kura.

— Skardžius amelelewa na bibi yake shambani, — alisema haraka. — Nimesoma mahojiano yake. Nyumba ya magogo, ya zamani. Anasema mpaka leo ana kovu kwenye paji la uso kwa sababu ya mlango wa jikoni.

Jaji aliweka kikombe chini polepole.

— Kovu?

— Hapa. — Rosetta alijigusa juu ya nyusi.

— Huyo amesoma shule! — Jaji aliruka kutoka kwenye benchi. — Mnaona? Mlango umemfundisha! Huyo hata umsukume na gari la taka, hasogei!

— Ngoja kwanza, — alisema Vidole. — Kovu la kichwa halinihusu. Nyayo zake zikoje?

— Bapa kidogo, — Rosetta alikiri. Hakuweza kusema uongo kwenye jambo lenye kipimo.

— Bapa! Imekwisha!

— Lakini kila kiangazi anakwenda msituni na bibi yake kuokota uyoga. Peku.

Vidole alimgeukia mwili mzima. Kwa mara ya kwanza tangu Rosetta atupwe kwenye kreti, alimtazama usoni bila kuanzia miguuni.

— Peku? Juu ya mizizi na matawi?

— Tangu akiwa mtoto.

— Tepu, dada yangu, kwa nini hukuanza na hilo? Wayo uliokanyaga mizizi unaota misuli yake wenyewe kwa chini, kama mkono. Mtu wa namna hiyo anaishika sakafu! Wapinzani wanamjia huku na huku, yeye ameng'ang'ania ubao kwa vidole!

— Ndani ya kiatu? — aliuliza Shemasi.

— Ndani ya kiatu! Kiatu ni nguo tu!

— Haba na haba hujaza kibaba, — Shemasi alifoka, naye akasimama. — Ninyi mnanunua uyoga na milango, mimi nina mtu anayeimba! Dossey ni sauti ya nne kwenye kwaya ya kanisa lao. Besi! Mwenye besi ana kifua kipana, na mwenye kifua kipana akimpa mtu mgongo chini ya kikapu, mpira hauna pa kwenda ila kwake. Zaidi ya hapo, besi ndiyo inayosubiri. Soprano wanakimbilia mbele, besi inasubiri, halafu inaingia. Si ndiyo ribaundi hiyo, kusubiri mpira uliokosa kikapu na kuudaka?

Hata Rosetta alilazimika kukubali moyoni kwamba hilo la ribaundi halikuwa baya.

— Kwa hiyo Mlithuania haimbi? — Jaji aliuliza kwa wasiwasi.

— Sijui, — alisema Rosetta.

— Aa! — Shemasi alipiga makofi. — Hajui! Tepu amekwama!

— Sijui kama anaimba. Najua inchi saba. Besi haikui ukifundishwa kuruka, na mkono nao haukui ukifundishwa kuimba. Dossey atajifunza kila kitu, Shemasi, nakubali, lakini hawezi kujifunza inchi nne.

Sauti yake ilikuwa imepanda kiasi kwamba mtu aliyekuwa akisubiri basi ng'ambo aligeuka. Rosetta aliona haya, lakini hakushusha macho.

Jaji alimimina. Kahawa ilitoka kwa mkupuo mmoja, ikawa kamba, ikawa matone, ikasimama katikati ya kikombe.

— Imeisha, — alisema. — Kura. Mimi, Mlithuania, kwa ajili ya mlango.

— Mlithuania, — alisema Vidole. — Kwa ajili ya mizizi.

— Dossey mpaka kaburini, — alisema Shemasi. Kisha akavuta pumzi, akainama, akayakusanya magazeti yote kutoka kwenye kiti cha karibu na ukuta na kuyakumbatia kifuani. — Lakini sheria ni sheria. Karibu nyumbani, binti. Baba yako angekuwepo angenicheka mwezi mzima.

Vidole alipiga mluzi. Rosetta alisimama. Kwanza kazi: alivuta tepu kutoka shingoni, akapanda kwenye kreti, akapima kuanzia chini, akahakikisha, akapima tena, na akachora mstari wa sita juu ya yote, ukutani. Saba na mbili. Aliandika: BILA VIATU. Aliposhuka alikuwa anacheka peke yake.

Wakati huo alitoka ndani mwanamke aliyevaa sare ya kijani ya hospitali, kapu la nguo mbichi kiunoni. Mtaani alikuwa mgeni. Jina lake Ivelisse, aliwaambia, na mashine za kukaushia zote zina watu. Aliliona kreti liko wazi, akalikalia, akashusha pumzi ya mtu aliyesimama zamu nzima.

— Hii mistari ni ya nini?

Walimwambia wote kwa pamoja. Huyu aliwika, yule aliuzwa Texas, huyu sasa ni kocha wa chuo, yule tunamwona kwenye tangazo la magodoro. Ivelisse aliufuata kila mstari kwa macho mpaka akafika kwenye ule wenye msalaba.

— Na huyu Baines? Siku hizi yuko wapi?

Vidole alimgeukia Jaji.

— Uturuki, — alisema Jaji. — Nadhani.

— Nani kakwambia? — aliuliza Shemasi.

— Wengi wakiachwa huenda kucheza Uturuki.

— Mimi nilisikia anauza magari Delaware, — alisema Shemasi. — Au labda nilimfikiria mwingine.

— Mguu ulipona? — aliuliza Ivelisse.

Wakamtazama Rosetta. Mdhamini ni yeye. Rosetta alijua urefu wa Baines na viatu na bila viatu. Alijua upana wa mabega yake, namba ya kiatu chake, na mfupa gani ulivunjika, wa tano wa wayo wa kulia. Misimu mitatu alikuwa amekaa kwenye plastiki ngumu kwa ajili ya mtu yule, akimlaani kila mvua iliponyesha. Baines alikuwa kijana wa miaka ishirini. Na yeye pia, bila shaka, aliwahi kukaa kwenye ile meza kwa suti, na mama yake pembeni, akitetemesha magoti.

— Sijui, — alisema.

Alichukua kitambaa mfukoni, akaufuta msalaba. Kisha akaufuta na mstari, pamoja na ile FUTI SABA, akapima, na akauchora upya chini kidogo, kwenye futi sita na inchi kumi na robo, mahali pake pa kweli.

— Dada, — alimwambia Ivelisse, — samahani, hapo ulipokaa ni pangu.

— Wee Tepu! — Jaji alishtuka. — Si umeshinda?

— Nimeshinda kwa huyu wa juu. Huyu wa chini bado nadaiwa naye. Nitakaa hapa mpaka nijue yuko wapi. Kiti mpeni mgeni. Misimu mitatu tumekaa chini ya ukuta huu, hakuna aliyeuliza.

Ivelisse aliwatazama kama watu wa hospitali wanavyowatazama wagonjwa wanaosema wamepona. Lakini miguu ilikuwa inamuuma, na kiti kilikuwa kizuri, cha kuegemea ukuta. Akahamia.

Ndani ya duka, mtu alipiga ukelele. Gari moja lilipiga honi, likafuata la pili, mwishowe mtaa mzima wa Chelten ukalia. Zamu ya tatu ilikuwa imepita, na jina lilikuwa limetajwa. Hakuna aliyenyanyuka kwenda kuliangalia.

— Nawaambia Uturuki! — Vidole alikuwa akipiga kelele kuzishinda honi. — Mguu ule unahitaji joto!

— Delaware! Kutangulia si kufika!

— Nina binamu aliyecheza na binamu wa Baines, — alisema Jaji, simu tayari iko sikioni. — Ngojeni. Nyamazeni, inaita.

Rosetta aliusogeza mwili kwenye kreti mpaka sikio lake likawa karibu na ile simu.

— Na kahawa je, — Ivelisse aliuliza, — haipo?