Mama Filimbi na Mbwa Asiyesikia

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyefundisha mbwa kuchunga kondoo kwa filimbi. Wote walimwita Mama Filimbi. Narudia: Mama Filimbi, mfuga mbwa, mama wa watoto wawili. Alizikwa wiki iliyopita.

Mama huyu hakuwa na maneno ya kuzunguka. Ukienda kununua mbwa, alianza na nyonga. "Mtazame anavyoinuka. Akijikokota kama babu anayetoka kitandani, usinunue, hata nikikubembeleza." Ukiwa na chotara, alikuuliza: "Ana damu ya wachunga kondoo? Basi dawa ya minyoo ya ng'ombe usimguse nayo. Inaweza kumuua. Muulize daktari kwanza."

Lakini mara moja aliteleza. Wateja walipenda mbwa wenye mabaka ya kijivu na jicho la buluu. Akampandisha dume la mabaka kwa jike la mabaka, ili apate mabaka kwa wingi. Hatari aliijua. Alijiambia damu ya mbwa wake ni safi, wao haitawapata. Akazaliwa mmoja mweupe pe. Hasikii. Haoni. Narudia, wasikilizaji: mabaka yale yakitoka kwa baba na kwa mama pia, mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi na kipofu.

Akamwita Chokaa. Hakumuuza, wala hakumdunga sindano ya kumlaza moja kwa moja. "Nimemleta mimi, nitakaa naye mimi." Filimbi haikumfaa Chokaa, basi akamwita kwa kisigino. Aligonga mbao za sakafu mara mbili, mbwa akahisi mtikisiko nyayoni, akaja mbio.

Baada ya mazishi, Chokaa aligoma kula. Alilala koridoni, mlangoni pa chumba cha marehemu. Kitindamimba wa Mama, binti ambaye ni fundi cherehani, aligonga sakafu kwa ndala zake. Mbwa hakuinua hata kidevu. Kaka yake akampigia simu daktari wa mifugo.

"Mdogo wangu, anateseka. Kesho daktari anakuja, tummalize kwa heshima."

"Heshima gani, kaka? Mama hajapoa kaburini, wewe ushashika ufagio!"

"Haya, mlishe. Bakuli limekushinda, mbwa utamweza?"

Kaka akatoka, akaubamiza mlango. Binti akabaki na bakuli mkononi. Akaziona buti za mama nyuma ya mlango, tope limekaukia soli. Zilikuwa kubwa, akazijaza vitambaa vya cherehani, akazivaa. Akagonga kwa kisigino. Ko. Ko.

Chokaa akainuka. Akaja, akanusa buti moja, akanusa ya pili. Akala.

Binti alilia huku akicheka. Akavua buti, akaketi, akapandisha miguu kitini. Nyumba ikawa kimya. Hapo Chokaa akaliacha bakuli katikati. Akageukia koridoni, mkia ukipunga, akaenda mbio hadi mlango wa chumba kile. Akaketi wima, kama mbwa aliyeitwa.

"Mbao zilitikisika mara mbili," binti anasema. "Nilihisi kwenye kiti. Niliogopa, kwa nini nidanganye? Nikasema, 'Mama, anakula. Mwache amalize.'"

Chokaa akarudi, akamaliza.

Daktari alikuta bakuli tupu. Kaka alilitazama, akamtazama dada yake, kisha akamwomba daktari radhi kwa kumsumbua. Siku hizi akiingia nyumbani kwa mama huvua viatu mlangoni. Ukimuuliza sababu, anakuonyesha mbao za sakafu.

Kwa kaka na dada hawa, poleni sana. Tunawashika mkono. Na wewe unayetafuta mbwa kwa ajili ya rangi yake, tafakari. Uliza wazazi wake walikuwaje. Piga makofi nyuma yake uone kama atageuka. Mama Filimbi angekuuliza hivyohivyo, tena kwa ukali.

Familia imetuambia kwamba leo redio imewekwa chini, juu ya mbao za korido, na Chokaa amelala pembeni. Basi nasogeza kipaza sauti karibu na kiatu changu.

Ko. Ko.